Jogoo Mwekundu, Jogoo wa Kijivu: Historia ya Kuku wa Mbegu

Jumapili, saa nne usiku, bwenini.

Najua nimepotea, wiki mbili sijaandika hata mstari. Si mapenzi wala malaria, ni insha. Mwalimu wetu wa historia katuambia kila mtu aandike historia ya kitu alichokulia nacho nyumbani, kitu unachokijua kwa mikono yako na si kwa kudesa. Darasa zima likakimbilia reli, kanga, bao, daladala. Mimi nikasema kuku. Jamani, walicheka mpaka mmoja kule nyuma akawika. Mwalimu akangoja wamalize, akaniuliza, "Kuku wa nani?" Nikajibu, "Wa mama." Akaandika jina langu na kuku wangu, basi, ikawa imepita.

Wasiojua, mimi ni mtoto wa Singida. Ukipanda basi la kutoka kwetu ukasikia kelele juu ya keria, ni tenga la kuku, na huenda moja la mama yangu limo. Mimi nimesomeshwa na mayai. Boom likichelewa, nakula mayai kwa njia ya simu: mama anauza trei mbili tatu, jioni meseji inaingia. Kwa hiyo msije mkadhani naandika kwa utani.

Insha nilikuwa nimeshaianza pale mama alipopiga, wiki mbili zilizopita. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Kisha akaingia kwenye shida yake. Jogoo mkubwa amezeeka, inabidi abakishe mmoja wa vijana wake wawili, mwingine aende sokoni. Wa kwanza ni mwekundu, mzuri ajabu, mkia unameta, upanga umesimama, watu wakipita barabarani wanasimama kumtazama. Wa pili ni wa kijivu, rangi haieleweki, kama aliyelala jikoni kwenye majivu. Lakini huyu ni mtoto wa yule koo kishingo anayetaga kuliko wote. "Wewe ndiye msomi," mama akasema. "Nibakize yupi?"

Nikamwambia nitampa jibu. Nikarudi maktaba, na kusema kweli nilichokikuta huko kimenifunza adabu. Swali la mama lina umri mrefu. Watu wa Uingereza, Marekani na Australia wamegombana juu yake karne nzima na zaidi, wamechapisha vitabu, wamefilisika. Ngoja niwasimulie.

Tuanze mwanzo kabisa. Kuku wote hawa tunaowaona, wa kienyeji, wa kisasa, kuchi, kishingo, asili yao kuu ni kuku mwekundu wa porini wa kusini mashariki mwa Asia. Charles Darwin aliandika hivyo mwaka 1868, kwamba mbegu zote za kuku zimetokana na huyo mmoja. Kuhusu babu mkuu hakukosea. Uchunguzi wa DNA uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kwamba tawi la karibu zaidi na kuku wetu ni lile la upande wa kusini magharibi mwa China, kaskazini mwa Thailand na Myanmar. Mifupa ya kuku wa kufugwa ambayo wataalamu wanaikubali kuwa ya zamani kuliko yote inatoka Ban Non Wat, Thailand, kama miaka 1650 hadi 1250 kabla ya Kristo.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 2008 wataalamu wa vinasaba waligundua kwamba ile miguu ya njano haikutoka kwa kuku mwekundu wa porini. Ilitoka kwa ndugu yake, kuku wa kijivu wa porini wa India. Maana yake kuku alikuwa ameshachanganya damu kabla hata neno "mbegu safi" halijatungwa. Huyo anayekwambia kuku wake ni halisi tangu Adamu, mwangalie miguu.

Kuku wa porini hutaga mayai machache, kama 10 au 15, anaatamia, basi, kazi kwisha. Kuku wa mama wa kienyeji hasa hutaga kama 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa awamu, maana kila akimaliza awamu anakalia mayai yake na kulea. Kuku wa kisasa wa mayai anapita 300. Huu mlima wa kutoka 15 hadi 300 ndio habari yenyewe, na ajabu yake ni kwamba waliouanza hawakuwa wanatafuta mayai. Walikuwa wanatafuta urembo.

Ilikuwa hivi. Uingereza ya zamani watu walipenda kupiganisha majogoo. Mwaka 1835 sheria ikapiga marufuku. Sasa watu waliokuwa wamezoea kushindanisha majogoo wafanye nini jioni? Miaka michache baadaye, 1842, Uingereza ikaishinda China katika Vita vya Kasumba, bandari za China zikafunguliwa kwa nguvu, na katika meli zilizorudi wakaja kuku ambao Wazungu hawajapata kuwaona: wakubwa, wapole, manyoya mpaka vidoleni, kama wamevaa suruali pana. Wakawaita Cochin-China, wengine wakasema Shanghai. Malkia Victoria akapewa, akawajengea banda zuri Windsor. Na si mnajua mambo yalivyo, mkubwa akifuga kitu, kila mtu anakitaka.

Mwaka 1845 yakafanyika maonyesho ya kuku kwenye bustani ya wanyama ya London. Mwaka 1849 yakafuata ya Boston, Marekani, katika bustani ya umma, na watu kama 10,000 wakaenda kuangalia kuku. Kuku! Huko Marekani ugonjwa huu wa kupenda kuku ukapewa jina kabisa, homa ya kuku. Watu wakauza vitu vya maana wakanunua jogoo. Kulikuwa na mjanja mmoja, George Burnham, muuza kuku wa Massachusetts. Mwaka 1852 akamtumia Malkia Victoria zawadi ya kuku wa kijivu wakubwa, habari ikatoka magazetini, na bei ya kuku wake ikapanda kama moto wa nyikani. Miaka mitatu baadaye, 1855, homa ilipokuwa imepoa na watu wamebaki na mabanda yamejaa kuku wasionunulika, Burnham akaandika kitabu cha historia ya homa hiyo akiwacheka walewale waliomnunulia. Kamla mtu mara mbili, kwa kuku na kwa kitabu.

Niliposoma hapo nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Miaka mitatu iliyopita mama aliuziwa vifaranga 20 na bwana mmoja aliyekuja na boksi lenye matundu. Jina lake silitaji, hata mama halikumbuki vizuri. Aliapa kwamba ni mbegu halisi, "ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe watoto wanatoka vilevile." Wale 20 wakataga vizuri kweli. Mama akafurahi, akabakisha watoto wao. Watoto wakatoka mseto: huyu mwekundu, huyu mweupe, huyu wa madoa, wengine wanaatamia wengine hawataki, na mayai yakapungua. Wajukuu ndiyo usiseme. Mama akadhani amerogwa au chakula kina kasoro. Hakuna aliyeroga. Aliuziwa chotara akaambiwa ni mbegu safi, na hiyo tofauti nitairudia.

Baada ya homa wakaja watu wa utaratibu. Walisema, kama tunashindana, tushindane kwa kipimo. Uingereza wakachapisha kitabu cha vipimo mwaka 1865. Marekani wakaunda chama chao mjini Buffalo mwaka 1873, na mwaka 1874 wakatoa cha kwao. Mle ndani kila mbegu imeelezwa: upanga uwe na meno mangapi, mguu rangi gani, mgongo upinde vipi, mkia usimame kiasi gani, unyoya uwe na mistari mingapi. Kuku akipelekwa mashindanoni anakaguliwa kama anavyokaguliwa askari kwenye gwaride.

Na hapa ndipo mbegu safi ya kweli ilipozaliwa. Kuku safi si yule aliyeumbwa hivyo. Ni yule ambaye watu wamekaa naye vizazi na vizazi, wakimtoa kila asiyefanana, mpaka watoto wakawa wanatoka kama wazazi. Ni kazi ya subira, na tusiwaonee, hawa watu wa maonyesho walikuwa na subira kuliko mimi na nyie. Tena kama si wao, mbegu nyingi zingeshapotea.

Ila rangi ina vituko vyake. Chukueni Barred Plymouth Rock, kuku wa mistari myeusi na myeupe. Alionyeshwa mara ya kwanza Worcester, Massachusetts, mwaka 1869, akaingia kwenye kitabu kile cha 1874. Majaji walitaka jogoo na tetea wawe na weusi unaolingana. Wafugaji wakahangaika: kila wakipata matetea ya rangi inayotakiwa, majogoo ndugu zao wanatoka weupe mno. Wakipata majogoo ya rangi nzuri, matetea wanakuwa weusi tii. Wakaishia kufuga makundi mawili mbalimbali, moja la kuzalisha majogoo ya mashindano, lingine la matetea, na yote mawili yakawekwa sokoni kama mbegu moja.

Sababu ikajulikana mwaka 1908, Mmarekani mmoja, W. J. Spillman, alipoonyesha kwamba kinasaba cha ile mistari hufuatana na jinsia. Jogoo huweza kukibeba mara mbili, mmoja toka kwa baba na mmoja toka kwa mama. Tetea hubeba mara moja tu, anakipata kwa baba yake. Kwa hiyo jogoo safi wa mistari lazima awe mweupe zaidi ya dada yake, hata majaji wapige kelele namna gani. Sheria ya kitabu ilikuwa inagombana na sheria ya damu. Mwanafunzi wa sheria mwenzangu wa chumbani niliposoma hii kwa sauti akasema, "Hapo damu inashinda rufaa."

Kabla ya hapo, mwaka 1902, Mwingereza William Bateson alikuwa ameshatumia upanga wa kuku kuonyesha kwamba kanuni za Mendel, zile za njegere mlizokaririshwa fomu foo, zinafanya kazi hata kwa wanyama. Kuku, wadau. Nyie mlicheka darasani, kumbe sayansi ya vinasaba vya wanyama ilianzia bandani.

Turudi kwenye mayai, maana huko ndiko kwenye ugomvi hasa. Mfano unaoniuma kuliko yote ni wa Orpington. Wakati ule Orpington ilikuwa kijiji huko Kent, Uingereza. Mtu mmoja anaitwa William Cook, aliyewahi kuwa mwendesha gari la farasi, akachanganya mbegu tatu mpaka mwaka 1886 akatoa kuku mweusi, mnene kiasi, wa nyama na mayai, kuku wa mtu wa kawaida. Cook alitaka weusi kwa sababu ya masizi ya miji ya wakati ule, kuku mweusi haonyeshi uchafu. Hesabu nzuri kabisa.

Muda si muda, watu wa maonyesho wakampenda. Katika miaka ya 1890 Joseph Partington akawa anapeleka mashindanoni Orpington mweusi mwenye manyoya mengi zaidi, laini, kama mto wa kulalia. Majaji wakapagawa. Kila mtu akataka huyo. Uingereza wakaanza kuchagua manyoya, manyoya, manyoya, na mayai yakabaki nyuma, maana ukichagua kitu kimoja tu, vingine vinakuponyoka hata kama hukutaka.

Lakini baadhi ya wale weusi wa mwanzo walikuwa wameshasafirishwa kwenda Australia. Kule mfugaji hakuwa na haja ya mto wa kulalia. Alikuwa na mashindano ya kutaga: unapeleka kuku sita, wanakaa mwaka mzima kwenye kituo, mayai yanahesabiwa. Wakachagua mayai, mayai, mayai. Mwaka 1922 hadi 1923 kundi moja la kuku sita likataga mayai 1,857 katika siku 365. Gawanyeni wenyewe, ni wastani wa 309.5 kwa kila kuku, bila taa za kuwarefushia siku kama siku hizi. Hao ndio waliokuja kuitwa Australorp. Babu mmoja, miaka kama 30 tu, bahari katikati, na umepata kuku wawili tofauti kabisa. Kilichowatenganisha ni swali waliloulizwa. Huku waliulizwa, "Unapendezaje?" Kule waliulizwa, "Umetaga mangapi?"

Huyu Black Australorp akaja mpaka Afrika. Malawi ndiye kuku wa mbegu anayejulikana sana vijijini, serikali ilimsambaza kwa miaka mingi kutoka kituo cha Mikolongwe. Kwetu Tanzania pia aliletwa pamoja na Rhode Island Red na Light Sussex, ili majogoo yao yapandishe kuku wa kienyeji. Rhode Island Red naye ni mtoto wa bandarini. Alitengenezwa na wakulima wa Little Compton, jimbo la Rhode Island, kwa majogoo wekundu wa Kimalaya yaliyoletwa na mabaharia. Alikubaliwa rasmi mwaka 1904, mwaka 1925 akajengewa mnara, mwaka 1954 akawa ndege wa jimbo. Naye kagawanyika vilevile: wa maonyesho mwekundu wa kuiva karibu mweusi, wa mayai mwekundu wa kawaida. Yule jogoo mwekundu wa mama, nahisi huko ana babu.

Sasa nikasema, jibu nimepata. Chagua mayai, achana na rangi. Kwa hiyo bakiza wa kijivu, maana mama yake ni mtagaji bora. Nikashika simu nimpigie. Bahati nzuri vocha ilikuwa imeisha, nikarudi kusoma, ndipo nikakutana na Maine.

Maine ni jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani. Kwenye kituo chao cha utafiti, mwaka 1898, Profesa Gowell alianza kutumia viota vya mtego. Kiota cha mtego ni hivi: kuku akiingia kutaga, mlango unajifunga. Hatoki mpaka mtu aje, asome namba mguuni, aandike yai ni la nani. Mara ya kwanza wakajua kwa hakika, si kwa kukisia, nani anataga na nani anakula bure. Gowell akafanya kile ambacho mimi na nyie tungefanya. Akachukua matetea yaliyotaga mayai 160 au zaidi kwa mwaka, akayapandisha na majogoo ambayo mama zao walitaga 200 au zaidi. Kila mwaka hivyo hivyo, karibu miaka 10.

Mayai hayakuongezeka. Narudia, miaka karibu 10 ya kuchagua watoto wa watagaji bora, na wastani haukupanda.

Mwaka 1907 akaja Raymond Pearl, mtaalamu wa biolojia na takwimu, akapekua yale madaftari. Akasema kosa ni hili: kuku kutaga sana si ushahidi kwamba atawarithisha watoto kutaga sana. Huenda alipata chakula zaidi, au afya, au mchanganyiko wa damu ambao ukigawanywa kwa watoto unavunjika. Usimwangalie kuku peke yake. Angalia watoto wake. Kuku ambaye binti zake wengi wanataga vizuri, huyo ndiye mama wa mbegu. Na jogoo, ambaye hatagi kabisa, utamjua kwa dada zake na baadaye kwa binti zake. Walipobadilisha njia, mayai yakaanza kupanda.

Huko Oregon, mwaka 1913, kuku wa kituo cha James Dryden akamaliza mwaka na mayai 303, kuku wa kwanza aliyeandikwa rasmi kupita 300. Na Dryden alikuwa mtu wa kuchanganya mbegu, Barred Plymouth Rock na White Leghorn, jambo ambalo wapenda usafi hawakulipenda hata kidogo.

Mwisho wa hadithi mnaujua hata kama hamjui kwamba mnaujua. Mwaka 1936 Henry A. Wallace, aliyekuwa waziri wa kilimo wa Marekani na baadaye makamu wa rais, akaanzisha kazi ya kuku chotara kwa kufuata njia ya mahindi ya mbegu: unatunza koo safi kadhaa, unazipandisha kwa mpangilio, mtoto anatoka na nguvu kuliko wazazi. Ila mtoto huyo ukimzalisha, ile nguvu inasambaratika. Kama mahindi ya dukani, ukipanda mbegu uliyovuna mwenyewe mwaka wa pili unajuta. Leo kuku wengi wa mayai duniani ni wa namna hiyo, na zile koo safi ziko mikononi mwa makampuni machache. Mfugaji ananunua vifaranga upya kila mara. Mama hakuambiwa hilo na bwana wa boksi.

Jumatano nikampigia. Nikamwuliza swali ambalo kabla ya Maine nisingeuliza. "Mama, huyo wa kijivu ana dada wangapi waliotoka kwa kishingo huyohuyo?"

Akanijibu papo hapo. Wanne. Nikamwuliza anajuaje. Akacheka, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wangu wenyeji nao ninawafunga." Kumbe mama anafunga kitambaa cha kanga kuukuu mguuni kwa kila kifaranga, rangi kwa rangi ya mama yake, na kila koo anaatamia mayai yake mwenyewe. Nami nilikua nikiviona vile vitambaa nikidhani ni vya kuzuia wezi. Na mayai? Alikuwa akichora kwa mkaa ukutani jikoni, kila koo mstari wake. Maine ile, jikoni kwetu, bila ruzuku.

"Basi nisomee ukuta," nikamwambia.

Kimya. Kisha akasema, "Kaka yako alipiga chokaa kabla ya Pasaka."

Jamani. Miaka mitatu ya takwimu, chini ya chokaa. Sikujua nicheke au nilie. Lakini mama hakuwa amepoteza kila kitu, kichwa chake ni kabati. Akaanza kuhesabu. Dada za wa kijivu, watatu kati ya wanne wanataga vizuri, wa nne wa kawaida. Dada za mwekundu wako wawili tu. Mmoja anataga na kupumzika sana, mwingine aliondoka na mdondo kabla hajaanza kutaga. Nikamwambia, kwa ushahidi huo, wa kijivu ana hoja, si kwa sababu ya mama yake peke yake bali kwa dada zake. Ila uthibitisho utakuja binti zake wakianza kutaga, mwakani. Na asitupe wale kienyeji wake. Kishingo hasumbuliwi sana na joto, na koo anayejua kuatamia na kumkimbia mwewe ni mali ambayo kwenye kitabu cha 1874 haina alama.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mahubiri. Halafu akasema taratibu, "Ahsante mwanangu. Mwekundu nilimuuza Jumamosi."

Nikanyamaza. Jumamosi ndiyo siku ilipoingia ile meseji ya hela ya kuchapisha insha na ya chakula. Rangi yake ilimpatia bei nzuri, akasema, mteja hakuuliza kabisa mambo ya mayai. Kwa hiyo urembo nao una kazi yake. Umechapisha kurasa hizi za kuusema vibaya.

Wadau, nimejifunza nini? Kwamba watu wale wa Boston na London hawakuwa wajinga, walikuwa wanapata walichokiuliza. Kwamba "safi" ni kazi ya mtu na si cheti cha kuzaliwa. Na kwamba historia nyingi iko kwenye kuta ambazo sisi tunapiga chokaa tukidhani tunasafisha.

Kesho asubuhi nakwenda mjini kununua kaunta buku ya kwaya mbili, nimpe kondakta wa basi la kwetu ampelekee. Ukurasa wa kwanza nimeshafikiria utakavyokuwa: jogoo wa kijivu, baba. Chini yake mistari mitupu ya binti zake. Kaka nimemwonya, chokaa akapake chooni.

Niishie hapa, jirani analalamikia taa. Nani kati yenu kwao wanafuga, na mnabakiza jogoo kwa kigezo gani? Semeni ukweli, msije na majibu ya mtihani. Usiku mwema.